Kivuli cha Shingoni

Uvumilivu wangu uliisha saa saba mchana, siku ya Jumanne, mbele ya mstari mmoja mweusi usiozidi urefu wa njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimetoka kliniki na Ivy mgongoni, amedungwa sindano ya miezi tisa, amelia mpaka sauti imekauka. Nikasukuma mlango wa chumba cha mbele, kile ambacho mume wangu Barasa alikiita studio na majirani wetu wa mtaa wa Tuwan, Kitale, walikiita "kwa mchora wafu". Nikamkuta amechuchumaa mbele ya picha yangu, ile aliyokuwa akiichora kwa miezi saba, brashi nyembamba mkononi, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Chini ya kifua changu alikuwa ameacha utepe mweupe tangu mwanzo. Sasa utepe ulikuwa umeandikwa. Jina langu la kwanza, la pili na la tatu. Neno "Alizaliwa". Mwaka wangu wa kuzaliwa. Na baada ya mwaka, kistari. Baada ya kistari, nafasi.

"Baba Ivy, hiyo ni nini?"

"Jina lako. Si unajua kusoma?"

"Na hiyo kistari?"

Alisimama, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kama anayetazama kazi ya mtu mwingine. Kisha akacheka. "Aki mkono umezoea, bana. Mkono haujui huyu ako hai."

"Basi futa."

"Nitafuta."

Anayejua rangi anajua kwamba rangi mbichi hufutika kwa kupitisha kitambaa mara moja tu, na kitambaa kilikuwa begani mwake. Hakukigusa. Alitumbukiza brashi kwenye kopo la tapentaini, akaizungusha, akaikausha kwa vidole polepole huku akiniangalia shingoni. Akasema anaenda kula maharagwe hotelini, mimi nipumzike, jioni atanihitaji nikae kidogo amalizie nywele. Akatoka. Nikabaki nimesimama na mtoto mgongoni, nikitazamana na mwanamke ambaye kaburi lake lilikuwa limeshaanza kuandikwa. Nimesikia watu wakisema hasira ni moto. Yangu siku hiyo ilikuwa baridi. Ilinishuka kutoka utosini kama maji ya kisima, na ilipofika miguuni, miguu ikaanza kufanya kazi.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya simu niliyopigiwa mwezi uliopita. Ivy ana miaka sita. Tunaishi Bungoma, chumba kimoja nyuma ya soko, nashona sare za shule na napenda kelele za majirani kwa sababu kelele ni mashahidi. Aliyepiga simu alikuwa afande mwanamke wa kituo cha polisi cha Kitale, yule aliyeandika malalamiko yangu miaka mitano iliyopita. Alisema kesi imefungwa kabisa, kifungo kimeisha, vielelezo vinarudishwa. "Mwenyewe ametoka, na amekuja hapa kuuliza picha yake. Nimemwambia arudi Ijumaa. Wewe kuja Alhamisi." Nilienda Alhamisi. Sasa ubao wa ile picha uko hapa, nimeugeuzia ukuta nyuma ya cherehani, na bado unanuka mafuta. Juzi Ivy aliugeuza. Akasoma herufi moja moja, kidole chini ya maneno kama mwalimu alivyomfundisha, akafika kwenye kistari akasimama. "Mama, hapa hawajamaliza." Halafu akapandisha kidole mpaka kwenye shingo. "Na hapa ulikuwa mchafu?" Nikamwambia nitamweleza. Ndiyo haya. Na ninayaeleza nikiwa nimefunga makomeo mawili, maana najua kuna mtu Kitale ambaye hapendi kuacha kazi yake katikati.

Barasa hakuwa mchoraji wa kujifanya. Alikuwa hodari, na nitalisema hilo hata kama meno yananiuma. Kazi yake ilikuwa picha za marehemu. Watu walikuja na kitambulisho cha baba yao, kapicha kadogo kama ukucha, kamefifia, na baada ya siku tatu walirudi kuchukua ubao wa plaiwudi wa kusimamishwa kando ya jeneza, baba yao anawatazama kama aliyetaka kusema jambo akaghairi. Chini kuna utepe mweupe: jina, mwaka, kistari, mwaka. Alichora kwa rangi ya mafuta, lakini kwa watu wa Tuwan rangi ya mafuta ni ile ile ya kupaka mlango. Chumba chetu cha kulala na studio vilitenganishwa na mbao tupu, kwa hiyo nilimsikia akizungumza na wafiwa, na mwaka huo nilijifunza kwamba mume wangu alikuwa na sauti mbili. Kwa wafiwa alikuwa na sauti laini sana. "Mama, macho yake yalikuwaje akicheka? Alikuwa anafunga moja?" Mama analia, Barasa anangoja. "Chukua wakati yako. Marehemu hana haraka." Mimi nikiwa upande wa pili na titi mdomoni mwa Ivy, nilikuwa nikisikiliza sauti hiyo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, nikijiuliza ni kituo gani na kwa nini kwetu hakishiki.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa mwaka, Ivy akiwa na miezi miwili. Mzee mmoja wa Kihindi, Kalasinga, mwenye duka la vipuri mjini alifiwa na mama yake, akamletea Barasa kazi. Picha ilipokamilika mzee yule aliketi mbele yake kwenye stuli yetu mbovu, kilemba chake kikigusa kamba ya nguo. Kesho yake akarudi na sanduku la mbao. "Mama alikuwa napaka maua," akasema. "Sasa nani atapaka? Chukua wewe, kijana." Ndani kulikuwa na rangi halisi za wachoraji, zile za vibomba vya kubinya, na chupa ya mafuta ya kuchanganyia yenye rangi ya asali. Barasa alifungua kibomba kimoja akakinusa macho yamefumbwa. Usiku hakula. Asubuhi akaniambia, "Hizi haziwezi kuchora mtu wa kitambulisho. Hizi zinataka mtu ako mbele yangu. Nitakuchora wewe."

Nikafurahi. Sijifichi, nilifurahi kama mjinga. Nilisuka nywele, nikavaa blauzi ya kijani ya harusi ya dada yangu. Majirani walipita dirishani kuchungulia. "Wee Mama Ivy, umechorwa na mafuta kama bibi ya gavana!" Jirani yangu Mama Chebet, aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha mlangoni, alimwambia mumewe mbele ya watu wote, "Ona wenzako. Wewe hata picha ya simu unanikata kichwa." Tulicheka wote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa saa nzima. Sikujua kwamba kutazamwa kunaweza kuwa kazi ya mtazamwaji.

Rangi zile hazikauki. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza. Ile ya mlango inakauka jioni, lakini hizi za vibomba unapaka leo, unangoja wiki nzima, unapaka juu yake tena. Kwa hiyo Barasa aliandika kwa penseli nyuma ya ubao tarehe ya kila siku aliyonikalisha na sehemu aliyopaka: paji, shavu la kushoto, blauzi. Mbali na majina ya wafu, hakuwahi kuandika chochote kingine maishani, hata kodi ya nyumba hakuiandika. Alinikalisha kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha la kushoto kuanzia saa nne, mwanga ukiwa mzuri, na nilikatazwa kusogea. Kwanza kwa utani. "Wateja wangu ni wazuri, hawatingishi shingo." Baadaye bila utani. Alifunga mlango kwa ndani ili watu wasiingie. Akachukua simu yangu akaiweka kwenye droo yake kwa sababu ilikuwa ikilia na mimi nikigeuka. Haikutoka tena kwenye ile droo. Ivy akiamka upande wa pili wa mbao na kulia, maziwa yalinitoka yenyewe yakalowesha blauzi ya kijani, na Barasa akasema, "Ngoja. Mwanga bado." Nilijifunza kupumua kwa pua. Nilijifunza kumeza mate bila koo kuonekana. Mchana tukila ugali na mrenda aliendelea kunitazama, tonge limesimama hewani, anapima umbali kati ya jicho langu na sikio. Nilikuwa nikisema kitu, labda unga umeisha, na yeye akajibu, "Usiongee, mdomo unabadilika." Nyumba ikawa kimya. Wafu waliopangwa ukutani wakingoja kuchukuliwa walituangalia tukila, na nikaanza kuhesabu nani kati yao alikuwa mwanamke wa umri wangu.

Siku ya shingo ilikuwa mwezi wa tano. Ivy alianguka kutoka kitandani. Nilisikia kishindo kidogo, kisha kimya, na kila mama anajua kimya cha mtoto aliyeanguka ni kibaya kuliko kilio. Nikageuka. Sikusimama hata, niligeuka tu. Barasa alifika pale nilipokaa kwa hatua mbili na akanirudisha kwa mkono mmoja, kidole gumba upande huu, vinne upande ule, akanigeuza uso kuelekea dirishani na kunishikilia hapo. Hakupiga kelele. "Hapa," alisema. "Hapa. Hapa." Ivy akaanza kulia na mimi nikashukuru Mungu kwamba analia. Sijui alinishika kwa muda gani. Macho yangu yalianza kuona nukta nyeupe kama unga unaopepetwa. Alipoachia alirudi kwenye ubao, akachukua brashi, akaendelea kupaka sikio.

Wiki moja baadaye alifika kwenye shingo. Alinifungua kola mwenyewe, akanisogeza kwenye mwanga. Alama zilikuwa zimeanza kugeuka, katikati zambarau, pembeni kijani na manjano ya ndizi iliyolala. Nilitegemea atapaka juu yake rangi ya ngozi, anifanye nzuri. Nikamwona akichukua kibao chake cha rangi na kuchanganya. Kijani kidogo. Zambarau kidogo. Akatazama shingo yangu, akatazama rangi, akaongeza manjano kwa ncha ya kisu, akatazama tena. Alikuwa makini na mpole, kama alivyokuwa kwa wale akina mama waliokuja kulia. Akapaka kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kisha gumba. Mimi nilikuwa nimekaa, sitingishiki, nikimtazama mume wangu anavyoandika alichonifanyia bila hata kujua kwamba anaandika.

Nilikimbilia Kanduyi, kwa mama mkwe. Najua utauliza kwa nini si kwetu. Kwetu hakukuwa na mtu, na hilo ni habari nyingine. Nilimwambia Barasa kwamba mama yake anataka kumwona Ivy. Mama mkwe, ambaye sote tulimwita Mayi, alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, akanipa chai ya maziwa matupu kwenye kikombe kikubwa cha wageni. Nikamweleza. Nilieleza kwa adabu, kama ilivyo, macho chini. Alisikiliza akichambua mboga. Mwisho akasema, "Mwanangu, wanaume wengine wanapiga bibi kwa sababu ya pombe. Wako anakuchora." Kana kwamba hivyo viwili vinapimwa kwenye mzani mmoja na kimoja kimeshashinda.

Barasa alikuja siku ya nne kunichukua. Alikuja na nyama, sukari, na ubao. Aliubeba kutoka Kitale mpaka Kanduyi umefungwa ndani ya boksi alilolitengeneza mwenyewe ili rangi isiguswe. Akausimamisha kwenye kochi la Mayi, juu ya kitambaa cha kufuma, na jamaa wakaja kutoka nyumba za jirani. Shangazi yake Barasa, mama mmoja mnene mwenye ulimi usio na breki, alizunguka mbele ya picha mara mbili.

"Ala! Mama Ivy, umependeza. Kwa picha uko mzuri kuliko wewe mwenyewe." Watu wakacheka. Akainama karibu. "Na hii nyeusi kwa shingo ni nini, Barasa? Hukuosha bibi yako kwanza?"

"Ni kivuli, shangazi," Barasa akajibu bila kupepesa. "Mwanga ulitoka kushoto."

"Kivuli," shangazi akarudia. Akaitazama picha. Akanitazama mimi, shingo yangu ilikuwa imeshapona na kubaki manjano hafifu. Akaitazama picha tena. Hakucheka.

Jioni nilikuwa nimekaa nje ya jiko namnyonyesha Ivy, Mayi na shangazi wako ndani wanasonga ugali, moshi unatoka na maneno yao.

"Mayi, uliona ile shingo?"

"Niliona."

"Kivuli gani kina vidole?"

Mwiko ukagonga sufuria. Kisha sauti ya Mayi, chini, sauti ya mtu anayejua jambo kwa miaka mingi. "Huyu mtoto wangu hajui kuchora uongo. Tangu akiwa mdogo. Akikuchorea ng'ombe ya jicho moja, wewe enda kwa boma uangalie, ng'ombe ni ya jicho moja. Lakini tuseme nini? Kesho watu waseme tulivunja nyumba ya mtoto?"

"Basi arudi naye?"

"Arudi naye. Atazoea."

Nilirudi naye. Nataka niseme wazi, kwa yeyote anayesoma hili akisema yeye asingerudi: nilikuwa na mtoto wa miezi sita, sina simu, na watu wote walionipenda walikuwa wameona ushahidi kwenye kochi na wakala kuku. Lakini nilirudi na sentensi moja ya Mayi kichwani. Hajui kuchora uongo. Miezi iliyofuata nilikaa kwenye kile kiti nikiwa naiogopa picha kuliko nilivyomwogopa mchoraji mwenyewe, maana yeye aliweza kuficha anachofikiria na picha haikuweza. Kila asubuhi kabla hajaamka nilienda kuitazama, kama mtu anayeenda kusoma gazeti, nione jana aliona nini. Mwezi wa saba macho yangu kwenye ubao yalianza kuangalia mlango. Mwezi wa nane akapaka weupe ule wa utepe kwa mara ya pili, mzito, laini, tayari kwa herufi. Nikamuuliza wa nini. "Ubao bila utepe unaonekana uchi," akasema. Alinikaba mara nyingine mbili, zote kwa sababu ya kusogea. Sitazieleza, moja inatosha kueleweka.

Sasa unaelewa kwa nini kile kistari kilinishinda. Angekuwa mtu mwingine ningesema ni mkono umezoea. Hata mimi mpaka leo sijui kama alikusudia. Nimelala na swali hilo miaka mitano na halijawahi kunipa jibu. Lakini Jumanne ile nilisimama mbele ya ubao na sentensi ya Mayi ikajisoma yenyewe. Huyu anachora anachokiona. Na anachokiona ni mwaka, kistari, na nafasi ya kujaza.

Nikaubeba. Nilitaka kuufunika kwa leso lakini nywele na herufi zilikuwa mbichi, na kama zingefutika ningekuwa nimebeba nini? Kwa hiyo niliushika kingo zote mbili, uso ukitazama mbele, Ivy mgongoni, nikatoka. Hivyo ndivyo nilivyopita Tuwan mchana kweupe nikiwa nimebeba picha ya kifo changu kifuani.

Mtu wa kwanza alikuwa Mama Chebet na sufuria yake ya mahindi. Aliona utepe kabla ya kuona uso, na Tuwan mwenye utepe ni marehemu; picha aliyoichungulia dirishani miezi ile haikumjia. "Woi! Nani tena?" Halafu akaona uso, akanitazama mimi, akarudi kwa uso. "Mama Ivy, ulikuwa na pacha?" Nilishika kingo vizuri, nikaendelea kutembea. Akachukulia ni kilio, akaacha mahindi kwa jirani, akajifunga leso kiunoni na kuanza kutembea kando yangu kama inavyofanywa kwa mfiwa, bila kuuliza zaidi. Kwenye kona mwanaume wa bodaboda akavua kofia ya chuma. "Panda mama, ya matanga hatuitishi kitu." Nikatikisa kichwa. Akatufuata polepole, injini ikinguruma chini. Mbele ya kinu cha unga wanawake wawili nisiowajua wakajiunga, mmoja akaanza kuimba pambio kwa sauti ya chini, mwingine akamshika Ivy mguu mgongoni mwangu. "Pole mama. Alikuwa mdogo hivi. Ni nini kilimchukua?"

Nikasema, "Bwana yake."

Pambio lilikatika. Kisha likaendelea, sasa kwa sauti zaidi.

Ili kufika kituo cha polisi ilibidi nipite mbele ya hoteli anayokula Barasa. Nilikuwa nimelijua hilo tangu mlangoni. Alitoka na nusu ya chapati mkononi. Alituona: wanawake wanaimba, bodaboda nyuma, na kazi yake ya miezi saba inamjia ikitembea. "Mama Ivy!" akaita, na sauti haikuwa ile laini. Akapiga hatua moja barabarani. Mama Chebet hakumtazama hata usoni vizuri, alikuwa amefunikwa na machozi, akamnyooshea kiganja. "Kijana, heshimu msiba. Kaa kando upitishe watu." Na Barasa, Mungu ni shahidi wangu, Barasa akakaa kando. Watu wote mbele ya hoteli walikuwa wamesimama. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukavua kofia. Nilipita karibu naye kiasi cha kusikia anavyotafuna. Mkono umezoea.

Afande wa kaunta alisimama nilipoingia. "Pole sana, madam. Kibali cha mazishi ni kwa chifu, si hapa."

"Si mazishi," nikasema. "Huyu ni mimi."

Alinitazama, akatazama ubao, akatazama Mama Chebet, ambaye ndipo alipoelewa na kukaa chini kwenye benchi kama gunia lililokatwa kamba. Afande akanionyesha mlango wa dawati la jinsia.

Mle ndani alikuwa afande mwanamke wa makamo, miwani kwenye paji la uso. Aliniuliza maswali kwa mpangilio. Una picha za majeraha kwenye simu? Sina simu. Ulienda hospitali? Alifunga mlango. Kuna shahidi? Nikafikiria Mayi na shangazi na kuku. Nikasema hakuna. Akavuta pumzi ya mtu aliyewahi kuisikia hiyo mara nyingi. Ndipo nikauegemeza ubao kwenye kabati na kusema, "Nina hii." Alishusha miwani. Akasimama, akainua mkono wake na kuuweka hewani mbele ya shingo iliyochorwa, bila kugusa, gumba upande huu, vinne upande ule. Viliingia vyote. Akaurudisha mkono mfukoni haraka kama aliyeungua.

"Alichora lini?"

"Geuza."

Aligeuza ubao akasoma ile penseli mstari kwa mstari mpaka akafika kwenye siku iliyoandikwa "shingo". Akapiga mluzi mdogo kwa meno. "Dada yangu, huyu amejiandikia statement mwenyewe." Akavuta karatasi. "Haya. Sasa yako. Sema, mimi naandika. Sema kama ilivyo, usinipambie." Ivy alikuwa amelala mgongoni, mdomo wake umelowesha blauzi yangu. Nilisema, na alinisomea kabla sijatia sahihi, na nakala ninayo kwenye mkebe wa vifungo. Imeandikwa hivi:

"Mimi ni mtu mzima wa kike, umri wa miaka ishirini na miwili, ninaishi Tuwan na mume wangu, ambaye ni mchoraji, na mtoto wetu wa miezi tisa. Ninakumbuka kwamba mwezi wa tano mwaka huu, nikiwa nimekaa ili nichorwe, niligeuza shingo kwa sababu mtoto alianguka. Mume wangu alinikaba kwa mkono wa kulia. Amenikaba mara tatu kwa jumla. Sina picha nyingine ya majeraha ila hii aliyoichora yeye, na tarehe ni za mkono wake. Amewaambia watu kwamba rangi ya shingoni ni kivuli. Si kivuli. Ni vidole vyake. Leo saa saba ameandika jina langu na mwaka wangu wa kuzaliwa kama anavyowaandikia marehemu. Nilimwambia afute na hakufuta. Ninaogopa. Ninalalamika rasmi na ninataka akamatwe. Ninaomba pia ubao huu ufungiwe mahali ambapo hawezi kuufikia, kwa sababu rangi anayo na nafasi baada ya kistari ameibakisha. Hayo ndiyo yote ninayotaka kusema."